Chuo Kikuu Kikishaondoka Kijijini, Kinabaki Nini?

Vyuo vikuu vyetu vya umma hujieleza kwa kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Kazi mbili za kwanza zina mizani inayojulikana, kwa maana wahitimu huhesabiwa siku ya mahafali, na machapisho huhesabiwa mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo. Ya tatu haina mizani ya namna hiyo, na kwa sababu hiyo mara nyingi hutajwa mwishoni mwa hotuba, baada ya mengine yote kusemwa. Mimi ni mzaliwa wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, na kwa miaka mingi sasa ninaishi Morogoro mjini, karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wenyeji hatukiiti kwa jina lake refu. Sote tunasema SUA. Nimeona kazi hiyo ya tatu ikifanywa vizuri na nimeiona ikifanywa vibaya, na ninaamini ipo njia ya kuipima: tutazame kile ambacho wanakijiji wanaweza kuendelea kukifanya, kukizalisha na kukirekebisha wenyewe baada ya gari la chuo kuteremka mlima kwa mara ya mwisho.

SUA ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, ikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki tarehe 12 Aprili mwaka huohuo kwa ajali ya gari katika eneo la Dakawa, si mbali na hapa. Kabla ya hapo ilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya hapo tena, tangu mwaka 1965, palikuwa na chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Majengo yake yako chini ya milima ileile ambako wakulima wanalima kwenye miteremko ambayo mgeni hushangaa jinsi mtu anavyoweza kusimama, sembuse kushika jembe.

Kabla sijaeleza niliyoyaona, kuna jambo la kiutawala ambalo linafaa kueleweka, kwa kuwa ndilo mzizi wa mafanikio mengi na lawama nyingi. Nchini Marekani, sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliiunganisha huduma ya ugani na vyuo vikuu vya kilimo vya majimbo, kiasi kwamba afisa ugani aliyeko wilayani ni sehemu ya chuo, na tatizo la mkulima linaweza kupanda kwa mtafiti na jawabu likashuka kwa njia hiyohiyo. Kwetu mambo yamepangwa vingine. Afisa ugani wa kijiji au wa kata ni mwajiriwa wa halmashauri, mtafiti wa mazao ni mwajiriwa wa taasisi ya utafiti ya serikali, na mhadhiri ni mwajiriwa wa chuo. Watu hawa watatu wanaweza kukihudumia kijiji kimoja kwa muongo mzima bila kukaa kwenye meza moja. Chuo chenyewe hakina mtu wake wa kudumu kijijini. Kinakwenda kwa mradi, na kila mradi una tarehe yake ya kumalizika.

Watu wa Uluguru wana sababu ya kuwaangalia wataalamu kwa uangalifu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima yetu, ukiwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Hoja ya wataalamu haikuwa ya uongo, kwa sababu mito inayolisha Ruvu, na hivyo maji yanayonywewa Dar es Salaam, inaanzia huku, na udongo ulikuwa kweli ukiteremka nayo. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na uchimbaji ule ulipandisha juu udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, hivi kwamba aliyetii alivuna kidogo kuliko alivyovuna kabla ya kutii. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kuupinga, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Kwetu Mgeta, ambako mboga za kuuza mjini zililipa jasho la kuchimba, matuta ya ngazi yapo hadi leo na wenyewe wanayatunza bila kusimamiwa na yeyote. Mlima ni mmoja na ushauri ulikuwa mmoja, ila upande mmoja mkulima aliona faida katika shamba lake mwenyewe na upande wa pili hakuiona.

Historia hiyo ndiyo inayonifanya niuheshimu sana mradi wa mbuzi wa maziwa. Katika miaka ya 1980, SUA ikishirikiana na chuo kikuu cha kilimo cha Norwe ilileta mbuzi wa maziwa kutoka nchi hiyo na hatimaye kuwafikisha Mgeta. Uchaguzi wa mahali haukuwa wa kubahatisha. Mbuzi wa nchi ya baridi akipelekwa tambarare za joto husumbuliwa na maradhi, lakini Mgeta iko juu, hali ya hewa ni ya ubaridi, majani yanapatikana kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mashamba ni madogo mno kwa mtu kufuga ng'ombe. Ugumu ulikuwa mahali pengine: Waluguru hawakuwa watu wa kukamua. Kwa hiyo hapakuwa na suala la kuboresha ufugaji uliokuwapo. Ilibidi watu wajifunze upya kujenga banda lililoinuliwa kutoka ardhini, kukata majani na kuyaleta bandani, kukamua kwa usafi, kutambua siku ya kumpeleka jike kwa beberu, na, pengine gumu kuliko yote, kumpa mtoto maziwa ya mbuzi bila kuogopa maneno ya majirani.

Mambo matatu yalifanya mbuzi wale wabaki. La kwanza ni utaratibu wa kupokezana, ambao mtu aliyepewa mbuzi alilipa kwa mtoto jike aliyezaliwa, naye akapewa jirani anayefuata. Hivyo mradi ulienea kwa miguu ya mbuzi wenyewe badala ya kungoja fedha mpya. La pili ni mbolea. Mgeta ni nchi ya kabichi, njegere, karoti, viazi na matunda ya nchi za baridi, na bustani hizo zina njaa ya samadi isiyokwisha. Wapo wafugaji wanaokiri kwamba walipokea mbuzi kwa ajili ya samadi kwanza, na maziwa yakafuata kama nyongeza, jambo ambalo sidhani kwamba lilikuwa juu kabisa katika andiko la mradi. La tatu ni chama. Wafugaji waliunda umoja wao uitwao Twawose, wakawa na mahali pa kukutania, kuweka kumbukumbu za mifugo na kuzungumza na chuo wakiwa kundi lenye sauti. Chama ndicho kinachoweza kudai. Mfugaji mmojammoja huishia kuomba.

Hata hivyo, kipo kitu kimoja katika mradi huo ambacho kijiji hakiwezi kujitengenezea. Mbuzi wachache wakizaliana wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, damu inakaribiana mno na uzao hudhoofika. Wanahitaji mabeberu wapya kutoka nje ya mlima, na mabeberu hao wanapaswa kutoka mahali ambapo kumbukumbu za uzazi zimetunzwa vizuri. Hiyo ndiyo kazi halali ya chuo: kuacha mbuzi, samadi na maziwa mikononi mwa watu, na kubaki na lile dogo ambalo bila maabara na daftari la miaka mingi haliwezekani. Kwa maoni yangu, mgawanyo wa namna hiyo ungepaswa kuandikwa katika kila mradi tangu siku ya kwanza.

Maharage yamehitaji msaada mdogo kuliko mbuzi. Chuo kimetoa mbegu zake kwa nyakati tofauti: SUA 90 mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa mwaka 2006. Haragwe hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mama aliyepata kilo mbili za mbegu bora anaweza kuchagua punje nzuri katika mavuno yake, akazihifadhi na kuzipanda msimu ujao zikiwa zilezile, na kumpa dada yake kibaba kimoja. Mahindi chotara hayamruhusu hivyo. Mwenye kuyalima lazima arudi dukani kila mwaka. Mama yangu mkubwa analima haragwe jekundu ambalo hajui lilitoka chuo gani wala mwaka gani. Anajua tu kwamba linaiva upesi, mchuzi wake ni mzito, majani yake machanga yanapikika kama mboga, na sokoni wanunuzi wanaliulizia. Hizo ndizo sifa ambazo wanawake wanaolima maharage huzitazama, na mtafiti anayepima uzito wa mavuno peke yake huzikosa. Kwamba mama mkubwa hajui jina la mtafiti si dharau kwa mtafiti. Mimi naona ndiyo alama ya juu kabisa anayoweza kupata.

Panya ni somo tofauti, na ninalipa nafasi kubwa kwa sababu linaonyesha aina ya maarifa ambayo hayawezi kupatikana kwa mtu mmoja kutazama shamba lake. Kila mkulima wa mahindi Morogoro anamjua panya shamba, na anajua kwamba hasara kubwa hutokea siku chache baada ya kupanda, panya anapofukua punje mstari mzima na kukata miche inayochipuka. Asichokijua ni kwa nini mwaka mmoja panya ni wa kawaida na mwaka mwingine wanajaa kama nzige. Watafiti wa SUA, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walitega, wakatia alama na kuhesabu panya katika mashamba ya Morogoro kwa miaka mingi mfululizo, hadi wakaona uhusiano na mvua. Vuli ikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaana mapema kuliko kawaida, na kwa kuwa mzao mmoja unaweza kufika watoto kumi na zaidi, idadi yao hupanda hadi kuwa mlipuko katika msimu unaofuata. Maana yake ni kwamba mtu anayepima mvua ya Novemba na Desemba anaweza kutoa tahadhari miezi kadhaa kabla ya maafa.

Sehemu ya pili ya maarifa hayo inahusu ujirani. Mtu akiua panya wote katika ekari yake moja, panya wa mashamba jirani wanahamia humo ndani ya muda mfupi, na gharama yake yote imepotea. Ndiyo maana utegaji wa pamoja, kijiji kizima kikitega kwa wakati mmoja kabla ya kupanda, una nguvu kuliko sumu inayogawiwa baada ya mlipuko kuanza. Jambo hili halihitaji chombo cha ghali. Linahitaji mitego, mkutano wa kijiji na mtu wa kuwakumbusha watu tarehe. Hapo ndipo kamba hukatika. Chuo kina takwimu za mvua na za panya, halmashauri ina afisa ugani mwenye pikipiki ambayo mara nyingi haina mafuta, na mwenyekiti wa kijiji ana uwezo wa kuitisha mkutano, lakini tahadhari ya chuo haina njia ya uhakika ya kumfikia mwenyekiti huyo kabla panya hawajafika.

Ninapotaja panya siwezi kuwaacha wale wengine ambao dunia inawajua zaidi, yaani panya buku waliofundishwa na shirika la APOPO, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa na makao yake ya mafunzo katika viwanja vya SUA. Wengine hunusa mabomu ya ardhini na wengine hunusa kifua kikuu katika sampuli za makohozi zilizokwisha kupimwa hospitalini, na panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa takribani dakika 20. Wapo wagonjwa walioambiwa hawana maambukizi na panya wakawagundua. Ninakiri kwamba huduma hii haiingii katika kipimo changu, kwa sababu hakuna kijiji kitakachobaki nayo chenyewe. Inahitaji maabara, wakufunzi na mtiririko wa sampuli kila siku. Basi zipo huduma ambazo chuo kinapaswa kuzikalia bila kufikiria kuondoka, na wanaozigharamia wanapaswa kujua hivyo tangu mwanzo.

Watu wa umri wa wazazi wangu wanakumbuka namna nyingine kabisa ya chuo kikuu kuwafikia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, ikawa sehemu ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikasimama peke yake kwa sheria ya Bunge. Ilipokuwa bado mikononi mwa chuo kikuu iliendesha, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili, na viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa makumi ya maelfu. Kinachonivutia zaidi ya ukubwa wake ni muundo wake. Kiongozi wa kikundi hakuwa mtaalamu wa afya. Alikuwa mtu wa palepale, mara nyingi anayejua kusoma kuliko wenzake, na redio ilipozimwa yeye alibaki. Mada haikuisha kwa kuelezwa, iliisha kwa shimo la choo kuchimbwa. Leo tuna simu katika kila nyumba, na SUA ina redio na televisheni yake, lakini kumsikiliza mtaalamu peke yako jikoni si sawa na kumsikiliza pamoja na majirani ambao kesho watakuuliza kama umechimba.

Sasa niseme lililonikera. Katika kijiji cha ndugu zangu lipo kaushio la matunda linalotumia jua, lililojengwa na taasisi moja ya elimu ya juu ambayo sitaitaja. Matunda yetu huiva yote kwa mara moja, bei huanguka, na mengi huoza kabla ya kufika barabarani, kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa jema. Akina mama walifundishwa, wakapewa vyeti, na picha zikapigwa. Karatasi ngumu ya nailoni iliyofunika kaushio ilipopasuka, haikuwa ya aina inayouzwa Morogoro, na hapakuwa na aliyeachiwa jukumu wala fedha ya kuibadilisha. Wala hapakuwa na mnunuzi aliyetafutwa wa matunda makavu. Ilidhaniwa kwamba soko litajitokeza. Akina mama wale hawakuwa wavivu, kama nilivyosikia ikidaiwa mjini katika kikao fulani. Walikausha msimu mzima, wakabaki na mifuko ya matunda isiyo na mteja, wakarudi kwenye kabichi. Baadaye walikuja vijana na dodoso wakauliza maswali mengi kuhusu sababu za mradi kutoendelea, na matokeo ya maswali hayo pia hayakurudi kijijini.

Hilo la matokeo kutorudi linaniumiza kuliko kaushio. Mkulima anampa mtafiti asubuhi yake nzima, anataja idadi ya kuku wake, mapato yake, hata wanachokula watoto wake usiku. Kumrudishia mkulima huyo kile ambacho mtafiti amekigundua, kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, ni deni ambalo halihitaji mfadhili kulilipa. Shahada za uzamili na uzamivu zinazotokana na majibu ya wanakijiji wangu ni nyingi, na karibu zote zimeandikwa kwa lugha ambayo waliotoa majibu hayo hawaisomi. Ningependa kila mwanafunzi aliyekusanya takwimu kijijini atakiwe, kabla ya kuhitimu, kuleta barua ya mwenyekiti wa kijiji inayothibitisha kwamba alirudi na akasema alichokipata.

Pamoja na kero hizo, njia ya kuunganisha chuo na kijiji ipo tayari, na imekuwa ikifanya kazi bila kelele. Tangu mwaka 1998 SUA, kwa kushirikiana na mfuko wa Sasakawa unaosaidia elimu ya ugani Afrika, imekuwa na shahada iliyokusudiwa maafisa ugani walioko kazini, watu wenye stashahada na uzoefu wa miaka mingi ambao zamani hawakuwa na mlango wa kuingilia chuo kikuu. Katika masomo yao hurudi kwenye maeneo yao ya kazi kwa miezi kadhaa, wakabuni na wakulima mradi unaotokana na shida ya pale, wakauendesha chini ya usimamizi wa wahadhiri wanaowafuata hukohuko. Kwa utaratibu huo mhadhiri analazimika kupanda mlima, na afisa ugani haji chuoni akiwa mikono mitupu. Anakuja na matatizo anayoyajua kwa majina ya watu. Akihitimu anarudi halmashauri, na chuo kinakuwa kimempata mtu wa kudumu kijijini bila kumwajiri. Wahitimu wa namna hiyo wangekuwa kila kata, ile tahadhari ya panya ingekuwa na mahali pa kupita.

Ninawaandikia pia ndugu zangu wa vijijini wanaosoma haya kwenye simu zao. Mwezi Agosti, katika viwanja vya Nane Nane hapa Morogoro, mabanda ya chuo huwa wazi na wataalamu wenyewe husimama pale, wakiwa tayari kuulizwa. Msiishie kupokea vipeperushi na kupiga picha na mbuzi. Nendeni kama kikundi, mkiwa na barua ya kijiji inayotaja tatizo moja lililo wazi, na mwombe ipokelewe na idara inayohusika, jina la mpokeaji likiandikwa kwenye nakala yenu. Na chuo chochote kitakapokuja kwenu na mradi, mkutano mkuu wa kijiji uulize kabla ya kukubali: kifaa hiki kikiharibika, kipuri chake kinauzwa duka gani, bidhaa tutakayozalisha, nani amekubali kuinunua, mbegu hii, tunaweza kuitunza wenyewe au lazima tununue kila mwaka, afisa ugani wetu ameshirikishwa tangu lini, na matokeo ya utafiti mtatuletea mwezi gani. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano na yatiwe saini na pande zote mbili, na nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji.